Umri wa tairi uandikwe kwenye mkataba wa kuuza gari

Lori linalotoka bandarini Dar es Salaam likielekea Tunduma, Kigoma au Kigali halipiti Mikese, mkoani Morogoro, kabla halijapanda mizani. Linasogea taratibu, ekseli moja baada ya nyingine, na uzito wa kila ekseli unasomwa peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inataka jumla isizidi tani 56, na ekseli yenye matairi manne isibebe zaidi ya tani 10. Lengo lake ni kuilinda lami, na ni lengo jema, maana lami ya njia hii tunailipia sote. Lakini kuna jambo limeachwa. Mizani inajua kwa kilo kile ambacho ekseli imebeba, wala haiulizi kama matairi yaliyo chini yake yalitengenezwa kubeba kiasi hicho, au yalitoka kiwandani mwaka gani. Na gari lisilofika tani tatu na nusu, yaani Noah, Hiace, pikapu na mengine mengi yanayobeba watu kati ya Chalinze na Msamvu, halipandi mizani kabisa.

Hoja yangu inahusu magari hayo madogo na ya kati, na inahusu siku moja tu katika maisha yake: siku yanapobadilisha mmiliki. Maandalizi ya kuuza gari yanajulikana. Linaoshwa hadi injini, viti vinavalishwa vitambaa vipya, taa zilizofifia zinasuguliwa, na matairi yanapakwa dawa ya kung'arisha mpaka yaonekane yametoka dukani asubuhi ileile. Muuzaji mwenye moyo zaidi, au aliyeshauriwa na dalali, anayabadilisha matairi yenyewe. Hapo ndipo penye utata, kwa sababu mtu anayenunua tairi la gari analoliuza wiki ijayo hana sababu ya kununua zuri. Anatafuta lenye kashata nzima kwa bei ya chini kuliko zote, na tairi la namna hiyo mara nyingi ni la mtumba, la siku nyingi, au ni la gari la aina nyingine kabisa ambalo limetokea tu kuenea kwenye rimu. Ninachopendekeza ni kwamba kila mkataba wa mauziano ya gari uwe na mstari unaotaja tarehe ya kutengenezwa na uwezo wa mzigo wa kila tairi, na kwamba muuzaji akiamua kubadilisha matairi ayachague kwa kuangalia kazi ambayo gari litapewa huko liendako, badala ya kuangalia macho ya mnunuzi siku ya kukagua.

Habari zote hizo zimekwisha kuandikwa ubavuni mwa tairi. Tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo wa herufi na tarakimu zinazofuata kuna tarakimu nne: 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likiwa na tarakimu tatu tu hapo mwishoni, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halina haki ya kuwa barabarani popote. Kinachosumbua ni kwamba tarehe kamili hulazimika kuwa upande mmoja tu wa tairi. Fundi akilifunga upande huo ukaangalia ndani, anayekagua hana budi kulala chini ya gari na tochi, kisha afute tope na vumbi la breki mpaka namba zionekane. Kwa Coaster yenye matairi pacha nyuma kazi ni ngumu zaidi, na la ndani ndilo mahali pazuri pa kufichia tairi baya. Dalali hatalala chini. Mnunuzi aliyekuja na pesa mfukoni na wasiwasi wa kuibiwa naye hatalala chini. Mwenye gari, ambaye magurudumu hufunguliwa mbele yake kila anapobadilisha breki, anaweza kuzisoma namba zote kwa nusu saa. Kwa hiyo kazi ya kuzisoma iwe yake.

Kwa nini umri, wakati watu tumezoea kuangalia kashata? Kwa sababu mpira huzeeka hata usipotumika. Oksijeni hupenya ndani yake mwaka hadi mwaka, ukawa mgumu na kupoteza mnyumbuko, na madhara makubwa yako mahali ambapo jicho halifiki, pale uso wa tairi unaposhikana na mikanda ya chuma iliyo chini yake. Viwanda huchanganya kwenye mpira nta na kemikali za kuukinga na ozoni, na kinga hiyo hujitokeza hadi juu pale tairi linapokunjika na kunyooka likiwa safarini. Gari likisimama miezi mingi, kinga haisambai, jua linachoma ubavu uleule, na uzito wote unakandamiza sehemu ileile. Ndiyo maana tairi la gari linalotembea kila siku huisha kashata kabla halijazeeka, na la gari linalokaa huzeeka kashata zikiwa bado nzima. Hili la pili ndilo la hatari zaidi sokoni, kwa sababu linavutia.

Ulaya na Marekani wanalijua tatizo hili hasa kwa magari yao ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, ambayo familia huyatumia wiki chache za likizo kisha yakasimama uani mwaka mzima. Ni mazito, hujazwa vyombo mpaka karibu na ukomo wake, na matairi yake huzeeka kabla ya kuchakaa. Viwanda vya huko hutengeneza hata tairi maalumu kwa ajili yake, lenye alama ya CP, ambalo huvumilia upepo mwingi na mzigo unaokaa juu yake muda mrefu. Sisi magari ya kulala hatuna, isipokuwa yale ya wasafiri wachache wanaopita kwenda Mikumi, lakini magari yanayokaa tunayo tele. Kuna Coaster ya kanisa inayotoka Jumapili na siku za msiba. Kuna basi la shule linalolala likizo nzima. Kuna Land Cruiser ya mradi uliokwisha, na gari la mstaafu linalowashwa mara moja kwa wiki ili betri isife. Magari ya watalii husimama masika ikianza kumwaga, na mwaka 2020 yalisimama kuliko wakati mwingine wowote: watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019 hadi kama 620,000. Gari lililosimama wakati ule likauzwa baadaye lina matairi ambayo kilomita zake ni chache na umri wake ni mkubwa, na tangazo lake la kuuzwa litasema kweli kabisa kwamba halijatembea sana.

Joto nalo linaharakisha uzee huo. Mwaka 2008, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kwa wenye magari ikitumia takwimu za kampuni moja kubwa ya bima. Wateja wa majimbo matano yenye joto, Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, walikuwa asilimia 27 ya wenye bima, lakini asilimia 77 ya madai yaliyohusu matairi yalitoka kwao, na kati ya madai hayo asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyozidi miaka sita. Hizo ni takwimu za kampuni moja, katika nchi yenye barabara na mwendo tofauti na wetu, na sitazibebesha zaidi ya zinavyoweza kubeba. Ila uwanda wa Mikese, Fulwe na Ngerengere chini ya milima ya Uluguru una jua la kutosha, na lami ya saa nane mchana mwezi wa Februari haina huruma kwa mpira. Haiyumkiniki kwamba tairi linalochoka mapema Arizona lidumu zaidi Morogoro.

Waingereza walijifunza kwa msiba. Septemba 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele katika barabara ya A3, karibu na Hindhead, likagonga mti, na watu watatu wakafa. Tairi hilo lilikuwa na miaka 19. Halikuwa kipara, na kwa sheria ya wakati ule halikuwa na kosa. Frances Molloy, mama wa mmoja wa vijana waliofariki, alipiga kampeni kwa miaka mingi mpaka sheria ikabadilika: tangu tarehe 1 Februari 2021, Uingereza imepiga marufuku tairi lililozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote yasiyo pacha ya basi dogo. Hilo basi dogo, kwa hapa kwetu, ndilo Hiace. Ikumbukwe pia kwamba Uingereza ina ukaguzi wa lazima wa magari kila mwaka, lakini ukaguzi huo wakati ule haukulihukumu tairi kwa umri wake. Ukaguzi wetu wa macho barabarani hauwezi kuona ambacho ule wa kwao haukukiona.

Tuje kwenye mzigo, ambako nadhani hatari ya hapa kwetu ni kubwa kuliko hata ya umri. Baada ya vipimo vya tairi huandikwa namba ya uwezo wake, na kila namba ina kilo zake. Hiace nyingi zilizotengenezwa kwa kazi huvaa tairi la 195R15C, herufi C ikionyesha kwamba ni tairi la gari la biashara, na namba yake mara nyingi ni 106/104: kilo 950 kila moja likifungwa peke yake, kilo 900 yakifungwa pacha. Tairi la gari dogo la 195/65R15 lina namba 91, yaani kilo 615. Yote mawili ni ya rimu ya inchi 15, yote mawili yana upana wa milimita 195, na kwa mtu asiyesoma ubavu yote mawili ni duara jeusi lenye kashata. La pili bei yake ni nafuu. Piga hesabu ya ekseli ya nyuma yenye matairi mawili: la kwanza linatoa kilo 1,900, la pili kilo 1,230. Tofauti ni kilo 670, sawa na watu kumi wenye kilo 67 kila mmoja. Muuzaji aliyevalisha Hiace matairi ya namna hiyo ili ipendeze ameliondolea gari uwezo wa kubeba watu kumi, na hakuna kitu ndani ya gari kitakachomwambia dereva hivyo. Viti bado ni vilevile. Namba hizo nazo ni za tairi lililojazwa upepo unaotakiwa. Upepo ukipungua uwezo unashuka, tairi linakunjika kupita kiasi, linapata moto, na moto ndio unaomalizia kazi ambayo umri umeianza.

Gari likiuzwa hubadilisha kazi, na hilo wauzaji wengi hawalifikirii. Noah iliyokuwa ikipeleka watoto shule mjini inauzwa na kuwa mchomoko kati ya Morogoro na Dodoma, ikibeba watu zaidi ya viti vyake na mizigo juu ya keria. Pikapu ya ofisini inanunuliwa na mfanyabiashara wa mboga wa Mgeta, ikaanza kushuka milima ya Uluguru imejaa kabichi, breki zikiwa za moto na mawe makali yakikwaruza bavu za matairi kwenye kona. Hiace ya ukoo inahamia njia ya Bigwa, Matombo na Mvuha, ambako mvua za masika hufanya kashata ya milimita mbili kuwa kitu cha kubahatisha. Tairi lililotosha kwa mwenye gari wa kwanza, kwa mwendo wake na mzigo wake, si lazima litoshe kwa wa pili. Mwenye gari wa kwanza alikuwa analijua tairi lake, hata kama hakuwa anajua kwamba analijua: alikumbuka lilinunuliwa lini, lilizibwa pancha mara ngapi, lipi alilichukua kwa shemeji yake kwa muda tu. Kumbukumbu hiyo yote hupotea funguo zinapobadilisha mkono. Ndiyo sababu siku ya mauzo inafaa kuliko siku nyingine yoyote kuandika, kwa kuwa ni siku pekee ambayo anayejua na asiyejua wanakaa meza moja na karatasi mbele yao.

Pingamizi la kwanza ni la pesa, na lina uzito. Matairi mapya manne ya daraja la kubeba mzigo ni gharama kubwa, na muuzaji hurudishiwa sehemu ndogo tu ya gharama hiyo kwenye bei ya gari. Wengi huuza gari hasa kwa sababu wamebanwa: ada, matibabu, deni la benki. Kumwambia mtu huyo anunue matairi kwanza ni kumcheka. Lakini mapendekezo yangu hayamlazimishi kununua. Yanamlazimisha kusema. Akiandika kwamba matairi mawili ya nyuma ni ya mwaka 2013 na hayafai kwa safari ndefu, mnunuzi atapunguza bei kwa kiasi cha matairi, na fedha hizo zitakwenda kwa mtu mwenye sababu ya kununua matairi mazuri, kwa kuwa ndiye atakayeyapanda. Kwa kweli naona hiyo ni njia bora kuliko muuzaji kubadilisha mwenyewe. Afadhali gari liuzwe na matairi mabovu yanayojulikana kuliko mapya ya bei chee yasiyo saizi yake, maana mabovu yanayojulikana hubadilishwa, ilhali mapya ya ovyo huaminiwa.

Bei ya tairi yenyewe ina historia yake, na si ya kujivunia. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambacho Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Mkoa huu wa Morogoro una shamba la mpira Kalunga, huko Kilombero, lililokuwa likikihudumia kiwanda hicho. Leo karibu kila tairi jipya linalofungwa Msamvu limetoka nje ya nchi. Hilo lina athari ndogo kwenye hoja ya umri pia: tairi jipya la dukani linaweza kuwa na mwaka mmoja au miwili kabla halijagusa barabara. Likiwa limehifadhiwa ndani, kivulini, hilo halina neno. Yale yaliyopangwa nje ya duka, juani, na karatasi zake bado zimebandikwa usoni, ningeyaacha hata kwa punguzo. Muuzaji anayebadilisha matairi aombe kuonyeshwa tarakimu nne kabla ya kulipa, afunge tairi la aina moja kwenye ekseli moja, na abadilishe valvu za mpira wakati uleule, kwani nazo huzeeka na bei yake ni ya soda. Akiwa na fedha za matairi mawili tu, mapya yaende nyuma. Mafundi wengi huyaweka mbele, lakini gari likiteleza nyuma huzunguka, na hapo usukani hauna msaada.

Wapo watakaouliza kuhusu tairi la kuvishwa uso upya, wakikumbusha kwamba hata ndege hutua kwa matairi yaliyovishwa upya mara kadhaa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba tairi la ndege huvishwa na kiwanda kinachokagua kiini chake na kuweka kumbukumbu ya kila mzunguko. Tairi la lori lililofanyiwa hivyo na kampuni inayojulikana sina ugomvi nalo. Liandikwe tu kwamba ni la kuvishwa. Ugomvi wangu ni na tairi lililochongwa kashata kwa kisu cha moto. Yapo matairi ya malori yaliyoongezewa mpira makusudi ili yachongwe, na yameandikwa hivyo ubavuni. Tairi la Noah halimo. Ukilichonga unaukaribia uzi na chuma, na unachokata ndicho kilichobaki cha kukulinda.

Pingamizi la pili ni la wanasheria: mnunuzi ajihadhari. Msingi huo tuliurithi kwa Waingereza pamoja na sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, na muuzaji ambaye si mfanyabiashara wa magari hubebeshwa kidogo sana. Mtu mzima amekuja na fundi wake, amezunguka gari mara tatu, amekubali. Kwa redio iliyokufa au kiyoyozi kisichopoza, nakubali. Kwa tairi sikubali, kwa sababu anayeumia si mnunuzi peke yake. Wapo abiria aliowabeba ambao hawakualikwa kwenye majadiliano ya bei, na yupo mama anayeuza machungwa pembeni mwa barabara pale Mikese ambaye hajawahi kuliona gari hilo kabla halijamfuata. Aidha, mnunuzi hujihadhari na kinachoonekana. Tumekwisha kuona kwamba tarehe inaweza kuwa upande wa ndani, na kwamba uozo wa tairi uko chini ya uso wake. Kumwambia mtu ajihadhari na kitu ambacho mwenzake amekipaka dawa ya kung'arisha ni kumpa mwenzake leseni.

Wengine watasema tunahangaika na kidogo tukiacha kikubwa. Ajali za njia hii, watasema, zinaletwa na mwendo kasi, kulipita gari la mbele kwenye mlima na kona, usingizi na pombe. Sina sababu ya kubisha. Tairi zuri halimponyi dereva anayepita kijijini kwa kilomita 110 panapotakiwa 50. Lakini mambo haya hayasimami kila moja peke yake. Mwendo huongeza moto wa tairi, mzigo huuongeza tena, na tairi lililochoka hupasuka hasa pale ambapo dereva amekwisha kujinyima nafasi ya kusahihisha. Kwenye mwendo kasi tuna tochi za trafiki, vithibiti mwendo na faini, vyote vikihitaji mtu asimame barabarani kila siku. Mstari mmoja kwenye mkataba hauhitaji mtu yeyote asimame popote.

Hapo ndipo ninapojibu pingamizi ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko yote, na ambalo huwa halisemwi kwa sauti: kwamba kila kanuni mpya ya magari hapa nchini huishia kuwa sababu mpya ya kumsimamisha dereva, na kusimamishwa huishia kwenye kiganja. Tukiwapa askari mamlaka ya kuhukumu umri wa tairi, kila Noah itakuwa na kosa, na kosa litakuwa na bei. Nakubaliana na hofu hiyo, na ndiyo maana siombi marufuku ya Kiingereza ya miaka 10, wala siombi askari apewe orodha. Naomba jambo libaki kati ya muuzaji na mnunuzi, kwenye karatasi ambayo tayari ipo. Mkataba wa mauziano huandikwa kwa vyovyote, hupigwa muhuri na wakili, na hupelekwa TRA wakati wa kubadilisha umiliki wa kadi. Kuongeza humo tarakimu nne kwa kila tairi hakuhitaji ofisi mpya. Faida yake ni kwamba maelezo ya uongo yaliyosainiwa yanampa mnunuzi pa kushika mbele ya hakimu, jambo ambalo maneno ya dalali chini ya mwembe hayampi.

Na umri si ushahidi kamili, hilo pia ni kweli. Viwanda vyenyewe havikubaliani. Vipo vinavyoshauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano na litolewe likifika 10 hata kama linaonekana zima. Baadhi ya watengenezaji wa magari hutaja miaka sita. Tairi la miaka saba lililotunzwa kivulini na kujazwa upepo kila wiki linaweza kulishinda la miaka mitatu lililokimbizwa bila upepo wa kutosha kwenye makorongo ya Kisaki. Lakini hoja hiyo inapinga kufuta matairi kwa tarehe tu. Haipingi kuiandika tarehe. Tunaandika mwaka wa kutengenezwa kwa gari kwenye kadi, ingawa lipo gari la mwaka 1998 linaloshinda la 2010, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mwaka huo hauna maana kwa mnunuzi.

Serikali ingeweza kuanza na mali yake. Magari ya wizara, halmashauri na miradi huuzwa kwa mnada wa hadhara, mengi yakiwa yamesimama uani muda mrefu, nyasi zikiwa zimefika kwenye rimu. Ni sampuli kamili ya gari linalokaa. Orodha ya mnada hutaja namba za usajili, aina na hali ya gari. Iongezewe safu ya matairi, na pale yanapokuwa yamekwisha umri iandikwe wazi kwamba gari liondolewe kwa kukokotwa au baada ya kuvalishwa mengine. Mawakili wa mjini Morogoro nao hawahitaji kusubiri waraka wa mtu: fomu ya mkataba wanaiandika wenyewe, na wanaweza kuiongezea mstari kesho. Wakiuongeza, wahesabu matairi matano. Spea, ambayo mara nyingi ni ya zamani kuliko yote kwa kuwa haijawahi kushushwa tangu gari litoke Japani, ndiyo itakayofungwa usiku, mvua ikinyesha, na gari likiwa limejaa watu.